Nani Anamlipa Anayepima Pumzi ya Bondeni

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, saa tatu na nusu asubuhi. Nina uhakika na saa kwa sababu redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na bibi hagusi kazi yoyote mpaka yaishe, asije akapitwa na msiba wa ndugu. Mimi nilikuwa kando ya barabara ya udongo, chini ya Kawetele, nakata mabingobingo ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na buti za marehemu babu, zinazonipwaya mpaka nikitembea zinapiga makofi.

Gari jeupe la serikali likasimama karibu yangu. Akashuka dada mmoja mwenye koti la manjano na buti kama zangu, ila zake zilimtosha.

"Habari yako, mdogo wangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hii njia inafika nyuma ya kisima cha gesi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mkuu, huyu ulimi umeganda na baridi," dereva akasema kutoka ndani ya gari, akajikunyata vizuri kwenye kiti chake.

Niseme ukweli, haukuganda na baridi. Mimi ndivyo nilivyo. Darasani naweza kuwa na jibu kamili mdomoni, nikalishikilia mpaka kengele ya kutoka. Kwenye ripoti yangu ya kidato cha tatu mwalimu wa darasa aliandika "mtulivu mno", na ile "mno" akaipigia mstari. Baba na mama wana kiduka Makandana. Kila likizo wananileta huku kwa bibi, mama anasema labda hewa ya shamba itanifungua mdomo. Hewa ya shamba! Angejua.

Maana wiki ile nyumba nzima ilikuwa inagombania hewa.

Ng'ombe wa bibi ana mimba kubwa. Ni mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yanayopelekwa kituoni kila asubuhi, ndiyo yanayonivalisha hata sare. Banda lake la zamani mchwa wamelila miguu, limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Lazima lijengwe jingine kabla hajazaa. Baba mdogo, kitindamimba wa bibi, anaendesha bodaboda, anabeba viazi kutoka Isongole kuja Tukuyu mjini. Yeye alishachagua mahali: bondeni, nyuma ya nyumba, karibu na chemchemi, pametulia na upepo haupafikii. Alishachimba mashimo ya nguzo. Nguzo zenyewe alizilaza juu ukingoni, na Jumatatu vijana wenzake wa kijiweni walikuwa waje kusimamisha.

Bibi akakataa. "Pale panapumua," alisema. Basi. Ukimuuliza panapumua vipi, anachukua ufagio anakwenda kufagia chini ya migomba ambako ameshafagia.

Sehemu nyingine tambarare iliyobaki ni moja tu, kule juu karibu na parachichi. Na pale ndipo baba mdogo amepanga mawe ya msingi wa nyumba yake. Ana mchumba, na kwao wameshaanza kuuliza nyumba ikoje. Kwa hiyo yeye aliona pumzi ya bonde ni hila ya mama asiyetaka mwanawe wa mwisho aoe. Hakulisema wazi. Alisema tu, "Pumzi! Bonde nalo lina mapafu siku hizi," halafu akapiga kiki pikipiki akaondoka.

Mimi sikuwa upande wowote. Nilikuwa nataka kujua tu. Siku mbili kabla nilikuwa nimesimama ukingoni, nikaona ndani ya mashimo yake vyura wamekufa na kindege kidogo cha kijivu, hakina jeraha, kimelala kama kimesinzia. Na shuleni tulishafundishwa kwamba kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inashuka na kukaa chini. Na kisima cha gesi kilichoko mteremko mmoja tu kutoka kwetu kinatoa gesi hiyohiyo. Wanaipakia kwenye malori ya matangi, inakwenda kutiwa kwenye soda. Nikawa najiuliza, kitu kinachofanya soda iwashe puani ndicho kilichomlaza yule ndege? Nimuulize nani? Na nimuulizeje?

Ndiyo maana yule dada alipoanza kuuzunguka uzio wa kisima, nilimfuata na mzigo wangu wa majani kichwani. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa.

Alikuwa na kifaa cha manjano, kidogo kama redio ya mkononi, kina kimrija cha plastiki. Anapiga hatua kadhaa, anashusha mrija mpaka kwenye nyasi, anasubiri, anaandika, anasogea. Hakunifukuza. Baada ya muda akasema bila kugeuka:

"Buti zako zina kelele kuliko wewe."

Nikacheka. Na nikishacheka huwa inakuwa nafuu kidogo.

"Hiyo inapima nini?"

"Gesi. Kama kisima kinavuja na gesi inawafuata nyinyi majumbani, hii itapiga kelele kabla yenu."

"Wewe ni wa kampuni?"

"Mimi ni wa serikali. Ninawakagua wa kampuni."

"Nani anakulipa?"

Lilinitoka hivyohivyo. Masikio yakaniwaka moto. Kwetu mtu mzima humuulizi analipwa na nani, ni kama kumuuliza amekula nini. Yeye akasimama, akanitazama.

"Wewe mpole, lakini maswali yako yanauma. Haya. Kila kampuni inayotoa gesi au mafuta ardhini, hii ya hapa na hata zile za kule Mtwara, inalipa ada serikalini. Fungu la ofisi yetu linatoka kwenye ada hizo. Mashine hii, dizeli ya gari lile, na posho ya yule bwana anayesinzia."

"Kwa hiyo anayekaguliwa ndiye anamlipa anayemkagua?"

"Anailipa serikali, na serikali inanilipa mimi. Wakifanya kazi vizuri, ada wanalipa. Wakivurunda, wanalipa. Mimi nikiandika mazuri siongezewi kitu, nikiandika mabaya sipunguziwi. Ungetaka nani alipe? Bibi anayeuza ndizi sokoni?"

Nikafikiri. Kweli isingekuwa haki bibi alipie kukaguliwa kwa gesi inayowatajirisha wengine. Lakini bado kulikuwa na kitu kinanikera, kama punje ya mchanga ndani ya buti.

"Na kampuni zote zikifunga visima?"

"Hakutakuwa na ada."

"Na wewe?"

"Nitauza ndizi na huyo bibi." Akacheka. "Lakini pia hakutakuwa na cha kukagua."

"Gesi itakuwepo."

"Wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu, kule migombani. Nikamwambia kuhusu vyura, kindege, na banda. Nadhani sijawahi kumwambia mtu nisiyemjua maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma.

"Mdogo wangu, gesi inayotoka yenyewe ardhini haina mwenye leseni. Haina anayeilipia ada. Mimi kazi yangu inaishia kwenye huu uzio na maeneo yanayouzunguka. Nikianza kupima kila bonde la Rungwe, nitaulizwa dizeli ya nani."

Akaanza kufunga mrija. Nikaona jambo limekwisha, na Jumatatu nguzo zitasimama, na ng'ombe atalala kule alikolala yule ndege. Nilikuwa nimelishikilia swali mdomoni, kama darasani. Ila safari hii kengele ya kuniokoa haikuwepo.

"Utajuaje," nikasema, "kama gesi ya bondeni kwa bibi haitoki kwenye hiki kisima?"

Mkono wake ukasimama kwenye zipu ya mkoba. Alitazama kisima, akatazama migomba yetu, akatazama mteremko uliopo katikati.

"Nyumba yenu iko chini ya kisima?"

"Chini kabisa."

"Hilo sasa," akasema, "ni swali la kazini."

Tulimkuta bibi ameketi mlangoni, redio imenyamaza, kwa hiyo siku ile hakukuwa na msiba wa ukoo. Alipoona mgeni alisimama na kujifunga kanga upya. Dada akapiga goti kidogo, akamwamkia. Bibi akafurahi sana, maana alikuwa ameshasikia kwamba watu wa ofisini hawapigi magoti.

"Ndaga, asante mwanangu, karibu. Selikali imekuja yenyewe! Kaa ule kwanza."

Jikoni kulikuwa na ndizi zilizopikwa pamoja na maharage na kutiwa maziwa ya mgando. Mtu akifika kwa bibi, hata awe fundi simu, hawezi kueleza shida yake kabla hajatia kitu mdomoni.

"Bibi, unisamehe," mkaguzi akasema. "Nikiwa kazini sili mahali ninapopima."

"Kwani nimetia sumu?"

"Hapana, bibi. Ni utaratibu."

Bibi akamtazama kwa muda mrefu. Nilidhani amechukia. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Kama wazee wa mipaka," akasema mwishoni. "Zamani watu wakigombania mpaka, mzee wa kuamua alikula nyumba zote mbili, au hakula popote. Akila kwa mmoja tu, maneno yake hayana kazi."

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi. Makampuni yote yanatoa, hakuna anayenipakulia."

Hapo ndipo nilipoielewa ile ada kuliko alivyonieleza uzioni. Ni chungu kimoja ambamo kila mtu anatia ndizi yake, na anayekula hajui ipi ni ya nani. Ila nikajiuliza pia, je, nyumba ikiwa moja tu? Kisima hiki peke yake kikiwa ndicho kinachojaza chungu? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshamaliza maneno ya mwezi mzima.

Bibi lakini ni bibi. Wakati dada anabadilisha betri ya kifaa chake, alininong'oneza nipeleke mkungu wa ndizi kwenye gari. "Hajakatazwa kubeba," alisema. Nikapeleka. Dereva akaamka mwenyewe bila kuitwa, akafungua mlango wa nyuma, akaupangia mkungu mahali pazuri kuliko alivyokuwa amepanga vifaa vya serikali.

Ndipo baba mdogo akaingia na pikipiki, matope mpaka kwenye kofia. Akaona gari, akaona koti la manjano, akaona mkungu kupitia kioo. Akazima injini.

"Mama," akasema, "umeniitia serikali?"

"Sikuita mimi," bibi akajibu, akanitazama.

Baba mdogo naye akanitazama. "Wewe? Wewe ambaye hata hodi huwezi kupiga?"

Tukateremka wote kuelekea bondeni. Mbwa wetu alikuja mpaka ukingoni, akapiga chafya, akarudi nyumbani. Mkaguzi alituambia tubaki juu. Yeye alishuka akiwa amesimama wima, polepole, ameushikilia mrija mbele yake kwenye kijiti. Mrija ulipokuwa kifuani kifaa kilikuwa kimya. Aliposhusha magotini kikaanza kulia kidogokidogo, kama kifaranga. Alipofikisha kwenye shimo la kwanza la nguzo kikapiga yowe mpaka kunguru wakaruka. Akapanda haraka, akavuta pumzi, akashuka tena upande mwingine. Kote kulikuwa vilevile.

Alipotoka alisimama mbele ya baba mdogo, akaonyesha kwa mkono.

"Ng'ombe akisimama, kichwa chake kiko hapa. Akilala, kiko hapa. Ndama hata akisimama, kiko hapa. Na sasa hivi kuna kaupepo. Alfajiri isiyo na upepo itakuwa zaidi."

"Mashine hiyo ukiipeleka hata sokoni italia."

"Ulipochimba haya mashimo, kichwa hakikukuuma?"

Baba mdogo akajikuna shingo. "Kidogo. Lilikuwa jua."

"Jua lipi, kaka?" dereva akauliza kutoka nyuma yetu. "Mimi tangu niingie Tukuyu sijaliona."

Bibi akacheka, mimi nikacheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Baba mdogo alikunja uso.

"Chekeni. Huu mkungu uliomo garini ni wa nani? Umekula kwa mama, dada, utasema ya mama."

Mkaguzi aligeuka akatazama gari lake. Nilitamani kale kabonde kanimeze mimi. Hakunilaumu, wala bibi. Alimwambia dereva tu, "Shusha."

"Mkuu, ndizi hizi mjini..."

"Shusha."

Dereva aliushusha kama anamzika ndugu yake, akauegemeza kwenye mlango wa jikoni. Mkaguzi akamgeukia baba mdogo.

"Na ningekula kwako, ningesema ya kwako?"

"Ungejaribu," baba mdogo akasema, na nikaona tabasamu limempitia, kisha akalificha.

"Basi sijala kwa yeyote. Sasa mimi natafuta jambo langu moja. Bibi, hali hii ilianza lini? Kabla ya kisima, au baada?"

 Bibi alikuwa ameketi kwenye jiwe la ukingoni, ameshika magoti yake.

"Ilianza nilipopanga mawe ya nyumba yangu," baba mdogo akasema.

Nilimwona bibi amesikia. Alivuta kanga mpaka mabegani. Alipoanza, alimwambia mkaguzi peke yake, kama vile sisi wengine hatupo.

"Mwanangu, kwenu sijui. Kwetu mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Humtazami, husemi naye, hata jina lake hulitaji. Ukisikia anakuja, unajificha. Mimi nililetwa hapa msichana mdogo, na njia ile ya juu ilikuwa ya baba mkwe. Kwa hiyo maji nilichotea huku chini. Siku moja asubuhi, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, nikamsikia anakohoa hapo juu. Pa kukimbilia hakuna. Nikachutama humo bondeni, nikajifunika nguo kichwani kama kuku anayetaka kutaga. Nikasema atapita. Hakupita. Alisimama kuongea na mtu, wanaongea, wanaongea mambo ya ng'ombe, mimi nimeinamisha uso. Masikio yakavuma. Nikasikia usingizi mtamu."

Akaonyesha kwa kidole majani ya ukingoni.

"Nilipofumbua macho niko juu, kwenye majani. Yeye amesimama kule mbali, amenipa mgongo. Shuka lake limefunika miguu yangu. Akasema, hakusema na mimi, alisema na migomba: 'Bonde lile lina pumzi. Mtu asiiname kule asubuhi.' Akaondoka bila shuka lake."

"Alikutoa yeye," mkaguzi akasema taratibu.

"Kwa mikono yake. Angesema mtu, ni aibu ya ukoo mzima, hata ng'ombe wangechinjwa kuifuta. Sikusema. Hata mume wangu hakujua. Baba mkwe hakuniambia neno jingine mpaka anakufa, na ndivyo inavyotakiwa." Halafu akageuza uso, kwa mara ya kwanza akamtazama mwanawe. "Kisima hakikuwepo. Hata barabara hiyo haikuwepo. Na wewe hukuwepo. Angetii mila siku ile, usingekuwepo mpaka leo."

Baba mdogo alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili. Aliizungusha, akaizungusha. Kisha akaondoka kwenda kwenye pikipiki, na hakuiwasha. Aliisukuma tu mpaka barabarani.

Mkaguzi alijaza gesi kwenye kifuko maalumu kwa ajili ya maabara. Wakati anafunga mkoba nilimsogelea.

"Utaandika nini?"

"Maabara itasema. Lakini kwa maneno ya bibi, ni ya asili, ya zamani kuliko kampuni." Akashusha sauti. "Sitakudanganya. Ikithibitika hivyo, mimi sitarudi bondeni kwenu. Nitapendekeza halmashauri iweke alama. Lakini fungu la kumlipa mtu aje apime hapa kila mara, silijui."

"Kwa hiyo hapa nani atapima?"

Alinitazama kama anayetafuta jibu usoni kwangu. Mwishoni aliniambia habari ya mshumaa: ufungwe kwenye mwanzi mrefu, mtu asimame juu ukingoni, asishuke hata hatua moja, na asiwe peke yake. Mshumaa ukizimika, mtu asiende. "Ukiwaka haimaanishi ni salama," akasisitiza. "Ukizimika ndiyo jibu." Akanipa mkono, akampigia bibi goti tena, wakaondoka. Dereva aliupungia mkungu.

Mchana kutwa nilijaribu kuelewa. Gesi ni ile ile. Ikitoka kwenye bomba ina leseni, ada, ofisi, gari jeupe na mashine ya manjano. Ikitoka yenyewe nyuma ya nyumba ya bibi, ina bibi. Na bibi kwa miaka yote hiyo alikuwa anapima kwa kutukataza tu, "msicheze kule asubuhi", bila kutuambia kwa nini, maana kueleza kwa nini kungempeleka kwenye mikono ya baba mkwe. Sikuweza kuamua kama serikali imekosea. Labda haijakosea, ila haijafika. Nilimuuliza bibi kama alimpenda yule mzee. Akasema, "Humpendi mtu ambaye hujamtazama," halafu akaongeza, "Shuka nilikuwa nalo mpaka likachakaa."

Baba mdogo alirudi jioni. Alikula ndizi zake, na bibi hakumuuliza lolote kuhusu Jumatatu. Mimi niliosha vyombo nikiwasikiliza wasivyoongea. Mashimo yalikuwa bado yapo, nguzo bado zipo ukingoni, na ng'ombe kwenye banda bovu alikuwa anahema kwa nguvu, tumbo limeshuka.

Asubuhi yake niliamka kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Hapakuwa na upepo. Nilikata mwanzi nyuma ya choo, nikafunga mshumaa nchani kwa kamba ya mgomba, nikachukua kiberiti cha jikoni. Nilikuwa nakwenda kumwamsha bibi, nisiende peke yangu. Lakini nilipochungulia nikamwona baba mdogo. Alikuwa ameketi ukingoni kwenye lile jiwe la bibi, amevaa koti lake la bodaboda, anatazama chini.

"Alikuambia jinsi ya kufanya?" akauliza.

"Ndiyo."

"Leta."

Nikawasha mshumaa, yeye akaushusha mwanzi. Moto ulishuka vizuri mpaka usawa wa majani ya magimbi, ukainama, ukazimika. Haukupulizwa na kitu. Ulizimika tu, kama mtu aliyekatizwa neno. Akauvuta, nikawasha tena. Ukazimika palepale. Mara ya tatu nilitazama moshi: haukupanda. Ulitandaa juu ya kitu tusichokiona, bapa, kama maziwa yaliyomwagika mezani, na ndipo nilipoiona pumzi ya bonde kwa macho, inakoishia na inakoanzia. Ilikuwa imejaa mpaka usawa ambao msichana aliyechutama angezama mwili wote.

Baba mdogo aliuvuta mwanzi, akagusa utambi kwa kidole.

"Na mimi nilichimba humo," akasema. "Nikasema jua."

"Jua lipi, baba mdogo?"

Alinitazama kwa mshangao. Sijawahi kumtania mtu mzima. Akacheka mpaka akafuta macho, na sikuchunguza alikuwa anafuta nini.

Halafu akasimama, akaenda kwenye nguzo, akainua ncha moja ya ile ndefu kuliko zote.

"Shika huko nyuma. Usinipige na mabuti yako."

Tukaipandisha kwa njia ya juu, ile iliyokuwa ya baba mkwe, mpaka kwenye kiwanja chake karibu na parachichi. Tuliilaza ndani ya mstari wa mawe ya msingi. Alipima kwa macho, akalisukuma jiwe moja kwa mguu, kisha la pili.

"Nyumba itakuwa ndogo," akasema.

Bibi alikuwa ametoka mlangoni na ufagio. Aliona nguzo, akaona mawe yaliyosogezwa.  Aliuinua ule mkungu uliorudishwa, akaingia nao jikoni, na baada ya muda mfupi moshi ukaanza kutoka, huu wa kawaida, unaopanda.

Nilimwambia baba mdogo mlango wa banda uelekee upande usio na upepo, na akanisikiliza. Nikavuta buti zangu, nikashuka kuchukua nguzo ya pili.